Mwalimu Sykes na Neno Alilolikataza

Mji wa Marsden uko mwisho kabisa wa bonde, pale nyumba za mawe zinapokwisha na vilima vya kondoo na ukungu vinapoanza. Watu wake ni wagumu wa kusifu. Mvua ikikatika juma zima watakuambia hali ya hewa si mbaya sana, na kijana akirudi vitani na nishani kifuani ataambiwa, "Naona umejitahidi." Katika mji wenye sifa chache namna hiyo, ungedhani hakuna mtu atakayethubutu kupunguza hata moja. Mwalimu Muriel Sykes alithubutu. Alipiga marufuku neno "nzuri."

Silaha yake ilikuwa kalamu nyekundu. Mtoto akileta insha iliyoandikwa, "Jumamosi tulikwenda kwa bibi, ilikuwa siku nzuri, tulikula keki nzuri," ilirudi ina mistari myekundu utadhani imepigwa viboko.

"Hilo neno ni mfuko mtupu," aliwaambia. "Keki ilikuwa nzuri vipi? Ilikuwa na limau? Iliungua chini? Mligombania kipande cha mwisho? Niambieni mimi niliyekuwa sipo!"

Na tusimwonee, alikuwa na haki yake. Watoto wa Marsden waliandika insha ambazo unasikia harufu ya keki. Shida ni kwamba watoto hukua, na hofu hukua nao. Karibu kila mtu mjini aliyekuwa chini ya miaka hamsini alipita mkononi mwake, na mbele yake walikuwa bado darasani. Tarishi akimpa barua alimwambia asubuhi ni "ya baridi kiasi, yenye jua la kubahatisha." Lakini wa kuhurumiwa zaidi alikuwa Derek Haigh, muuza nyama, mtu mwenye mikono kama magogo.

"Karibu, Mwalimu. Leo nina soseji... hizi soseji ni... zimeshiba nyama. Pilipili manga kwa mbali. Ngozi haipasuki kwenye kikaango."

"Umejitahidi, Derek."

Mlango ukishafungwa, foleni nzima ilimgeukia Derek kwa macho ya uchokozi.

"Kwa hiyo soseji ni nzuri, Derek?"

"Nyamaza wewe, hajafika hata kona!"

Chuki hii ya neno moja haikuanzia kwake mwenyewe. Muriel alizaliwa kwa mfumaji wa kiwanda cha sufu, akawa msichana wa kwanza wa mtaa wake kupasi kuingia shule ya sekondari ya watu wenye nazo. Juma la kwanza tu, mwalimu alisimama mbele ya darasa akaisoma insha yake kwa sauti ya kuigiza watu wa viwandani, na kila alipofika kwenye "nzuri" alitua, wasichana wakacheka. Muriel alikwenda nyumbani na uso unaowaka, akaapa kwamba hakuna mtoto wa Marsden atakayechekwa tena kwa sababu ya neno hilo. Alipokuwa mwalimu alirudi kwao akakitimiza kiapo chake. Kalamu ile, mnaiona kali, lakini ilikuwa ni mapenzi.

Sasa mwanamke kama huyo, Mungu kwa utani wake alimpa mume gani? Alimpa Clifford Sykes, fundi wa mitambo ya kufumia, ambaye sifa yake ilikuwa moja tu maisha yake yote, na mnaijua.

Walikutana kwenye chai ya kanisa, ukumbini nyuma ya kanisa la Wamethodisti, sahani za nyama baridi na viazisukari vyekundu vimepangwa mezani. Clifford alikuwa kijana mrefu asiyejua mikono yake aiweke wapi. Alimwambia chai ni nzuri. Kisha akamwambia kwaya imeimba vizuri. Muriel alimsahihisha palepale, naye akatabasamu badala ya kununa, na kwa tabasamu lile akamnasa.

Siku ya harusi yao upepo ulikuwa unavuma kutoka vilimani. Walipotoka kanisani, mpiga picha akihangaika kuwapanga ndugu kwenye ngazi, Muriel alimnong'oneza mumewe swali ambalo alikuwa amelibeba tangu alfajiri.

"Nimependezaje?"

Alimpa nafasi. Alimpa nafasi ya neno lolote katika lugha yao yote. Clifford alimtazama, akanyoosha mkono, akashika ukingo wa mkono wa gauni lake la sufu nyeupe kati ya kidole gumba na vidole viwili, akapapasa polepole.

"Nzuri," akasema.

"Acha, utanitia uchafu!" Muriel akauvuta mkono wake, na mpiga picha akabonyeza wakati huohuo. Picha hiyo ilitundikwa sebuleni miaka yote. Bi harusi amekaza midomo, na mkono wa bwana harusi umebaki hewani, vidole vimekutana.

Lililomuuma si neno tu. Aliona kwamba Clifford amekagua kitambaa. Siku ya harusi yake, mume anakagua kitambaa! Alimeza, akacheza, akakata keki, lakini hakuuliza tena swali lile. Alijiambia kwamba siku moja mtu huyu atapata neno jingine mwenyewe, bila kuulizwa, na yeye atakuwa tayari kulipokea. Kwa hiyo alisubiri, na kusubiri kwenyewe kukawa ndiyo ndoa.

Haikuwa ndoa mbaya. Clifford alimlea Gillian, binti yao wa pekee, kwa mikono myepesi kuliko ya mama. Alipalilia bustani, akapuliza tarumbeta kwenye bendi ya mji, akala kila alichopikiwa. "Nzuri," alisema juu ya mchuzi. "Nzuri," juu ya mapazia mapya, juu ya machweo, juu ya cheti cha Gillian. Na kila mara Muriel, bila hata kuinua kichwa, alichora mstari hewani kwa kidole, kama anakata neno kwa wino. Clifford alicheka. Ulikuwa mchezo wao, ingawa mmoja wao hakuwa anacheza.

Kiwanda kilipofungwa, Clifford alirudi nyumbani siku ya mwisho na kipande cha kitambaa begani, cha jora la mwisho lililotoka kwenye mitambo yake. Kilikuwa cha bluu iliyokaribia kijivu, rangi ya vilima vyao mvua ikielekea kukatika. Alikipeleka kwa fundi cherehani, Muriel akashonewa koti. Muriel alilivaa mbele ya kioo, Clifford akashika ukingo wake kwa vidole vyake vitatu, akapapasa. Muriel alishachora mstari hewani kabla hajafungua mdomo.

Kiharusi kilimpata Clifford bustanini, asubuhi ya mwezi wa Mei, akipanda miche. Kilichukua mkono wake wa kulia, kikachukua nusu ya nguvu za mguu, kikachukua maneno. Siyo akili. Alielewa kila kitu, alicheka palipochekesha, alikasirika timu ilipofungwa. Lakini mdomo wake ulikuwa umefutwa, isipokuwa pahali pamoja.

Muriel alikuwa kando ya kitanda cha hospitali alipofumbua macho. Alimtazama mkewe, akahangaika, jasho likamtoka, kisha neno likatoka.

"Nzuri."

Mtaalamu wa usemi, binti mpole mwenye viatu vya mpira, alieleza kwamba hutokea hivyo. Wengine hubakiwa na jina la mtoto, wengine na tusi, wengine na mstari wa sala. "Mara nyingi ni neno alilolizoea sana."

"Najua," alisema Muriel. "Nimelipiga vita tangu tuoane." Alikwenda msalani akalia huko, maana watu wa Marsden hawalii mbele ya wenye viatu vya mpira.

Basi mwalimu akarudi kazini. Kila siku baada ya chai ya asubuhi meza ya jikoni iligeuka darasa. Binti wa usemi alikuwa amemwachia kadi za picha.

"Kijiko," alisema Muriel. "Tazama mdomo wangu. Ki-ji-ko."

"Nzuri."

"Siyo nzuri, Clifford. Ki."

"Nz..." Clifford alikaza shingo, mshipa ukamsimama. "Nzuri."

"Umekaribia," alidanganya.

Na darasa likiisha, kadi zimekusanywa, kulikuwa na somo moja zaidi ambalo binti wa usemi hakulijua. Muriel alishusha sauti, akalisema haraka, kama mtu anayeiba sukari kabatini: "Na-ku-pen-da. Jaribu hilo. Sema." Clifford alimtazama sana, macho yakajaa. Kisha akasema analolijua, na Muriel akainuka kwenda kuosha vikombe.

Alihofia hivi, na hofu hiyo hakumwambia mtu: kwamba amesubiri hadi mlango umefungwa. Kwamba neno alilolingoja lilikuwa mle ndani ya mtu yule, na sasa halitatoka milele.

Siku moja masomo yalipokuwa marefu kupita kiasi, Clifford alizoa kadi zote kwa mkono wa kushoto akazitupa sakafuni. "Nzuri!" alifoka.

"Adabu, Clifford!" alisema Muriel. "Maneno gani hayo mbele ya mkeo?"

Wakatazamana. Clifford akaanza kucheka, mabega yakitikisika, na Muriel aliyeinama kuokota kadi akabaki ameinama vilevile. Alikuwa amejibu tusi. Alilisikia wazi, kama lilivyo, na neno lilikuwa lilelile.

Tangu siku hiyo alianza kusikiliza. Hakutaka kukiri kwamba anasikiliza, lakini masikio hayana kifuniko. Nzuri ya kuona chai ilikuwa fupi, ya sauti inayoshuka. Ya kutaka kwenda msalani ilitanguliwa na pumzi. Kulikuwa na moja ya kumwita akiwa chumba kingine, yenye mkia mrefu, na moja ya kuwasema majirani. Alipompeleka mjini kwenye kiti cha magurudumu, Clifford aliwagawia watu nzuri zake kulia na kushoto, nao, waliolikosa neno hilo tangu utotoni, walimrudishia kwa furaha. "Nzuri, Cliff! Nzuri kabisa!" Derek alitoka dukani na aproni yake kuja kumshika mkono. Kisha alimwona Mwalimu nyuma ya kiti, akababaika. "Yaani... siku yenye... mawingu ya wastani."

Na kulikuwa na nyingine mbili ambazo Muriel alichelewa kuzitenganisha. Moja ilikuwa ndefu, laini, yenye adabu nyingi, ile anayoitoa mgeni aliyewekewa chakula asichokiweza. Hiyo ilikuwa ni hapana. Clifford hakuwahi kumkatalia mtu maishani kwa njia nyingine. Mkono wake wa kushoto ulilala pajani umetulia, hauna habari. Ile ya pili ilikuwa ya chini, ikitoka kifuani, na kila ilipotoka mkono wake wa kushoto ulisogea, kidole gumba kikapapasa vidole viwili. Muriel aliona hivyo mara kadhaa, akaudhika bila kujua kwa nini. Alijiambia ni mazoea ya kiwandani. Kule kila jora likishuka mtamboni, fundi hushika ukingo, hupapasa hivyo, husema kama lipite au lifumuliwe. Macho hudanganywa na rangi, husema wafumaji, lakini vidole havidanganyiki.

Majira ya baridi yaliingia, na mgongo wa Muriel ukaanza kumsaliti. Clifford alikuwa mtu mrefu bado. Kumtoa kitandani, kumvisha, kumshusha ngazi za nje zilizoganda barafu, yote yalikuwa juu yake. Halmashauri ilitaka kumletea msaidizi wa asubuhi, akakataa. Derek alikuja mlangoni, kofia mkononi, kumwambia kwamba yeye hubeba nusu ya ng'ombe kila siku, kumwinua Cliff bafuni si kazi. Muriel alimwambia, "Mume wangu si ng'ombe, Derek," akafunga mlango. Kiburi ni mzigo unaoubeba juu ya mizigo mingine. Usiku alilala kwa vidonge, na asubuhi alikaa kwanza ukingoni mwa kitanda akijiuliza kama leo ataweza.

Gillian alikuja kutoka Reading, kusini, anakofanya kazi ya bima. Alimkuta mama yake ameshikilia sinki kwa mikono miwili.

"Mama, maji yamekufika shingoni, na unaniambia kwenye simu kwamba hakuna neno!"

"Hakuna neno."

"Kuna makao ya wazee karibu na kwangu. Nimekwenda kuyaona, si kwamba nimesoma tu. Baba atakuwa na chumba kinachotazama bustani. Wewe utakaa kwangu, chumba cha juu. Utamwona kila siku. Mama, nitakupoteza wewe kabla yake."

Alikuwa binti mwema, na alikuwa anasema kweli. Muriel alifuta mikono. "Muulize baba yako," alisema.

Gillian alipiga magoti mbele ya kiti cha baba yake. Alimweleza yote taratibu, bustani, ndege wanaokuja kula dirishani, chakula cha moto. "Unaonaje, Baba? Utapenda kuja kukaa huko?"

Clifford alimtazama binti yake kwa upendo mkubwa. "Nzuri," akasema. Ilikuwa ndefu, laini, yenye adabu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala pajani.

"Oh, Baba!" Gillian alimkumbatia, machozi ya nafuu yakimtoka. "Umesikia, Mama? Amekubali!"

Muriel alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo. Alisikia, na vizuri kuliko mtu yeyote duniani. Clifford aliinua macho juu ya bega la binti yake, akamtazama mkewe, akingoja asahihishe. Maisha yake yote alikuwa anasahihisha. Kwa nini leo asisahihishe?

"Nimesikia," alisema Muriel.

Akarudi jikoni. Mgongo ulikuwa unawaka, na moyoni mwake mlikuwa na sauti ndogo ya kishetani iliyosema: wewe mwenyewe umefundisha mji mzima kwamba neno hilo halina kitu ndani. Nani atakulaumu? Amesema nzuri, shahidi yupo. Alitaka kupumzika. Mungu amsamehe, alitaka hivyo kuliko alivyotaka kitu kingine chochote.

Siku mbili walifunga mizigo. Clifford hakusema neno, hata lile lake. Alikaa dirishani akitazama vilima, na chai yake ilirudi imejaa. Muriel alifunga mashati, alifunga tarumbeta ambayo haitapulizwa tena, akakwepa kile kiti. Gillian aliona ukimya ule akasema ni huzuni ya kawaida ya kuhama.

Asubuhi ya safari gari lilikuwa mlangoni, masanduku ndani yake. Gillian alikuwa nje akikwangua barafu kwenye kioo. Muriel alichukua koti lake la bluu, akalivaa mbele ya kioo cha sebuleni, akafunga vifungo hadi juu. Alikuwa amekonda, koti lilimpwaya mabegani. Aligeuka kumwangalia Clifford aliyekuwa tayari kwenye kiti cha magurudumu, na mdomo wake ukatoa swali ambalo halikutoka tangu kwenye ngazi za kanisa.

"Nimependezaje?"

Clifford aligeuza kichwa kutoka dirishani. Alimtazama kuanzia nywele zake nyeupe mpaka viatu. Kisha alinyoosha mkono wa kushoto, mkono usio wa kazi yake, akashika ukingo wa koti kati ya kidole gumba na vidole viwili. Alipapasa. Lakini macho yake hayakuwa kwenye koti. Yalikuwa usoni pake, na hayakutoka hapo.

"Nzuri," akasema, kwa sauti ya kifuani.

Muriel hakuvuta mkono wake safari hii. Juu ya kichwa cha Clifford, ukutani, ilikuwa picha ambayo Gillian alikuwa bado hajaishusha: bi harusi aliyekaza midomo, na kando yake kijana mrefu, mkono hewani, vidole vimekutana hivihivi. Alikuwa ameitazama picha ile maisha yake yote ya ndoa, akitazama midomo yake mwenyewe. Leo alimtazama kijana. Kijana yule hakuwa anatazama kitambaa. Alikuwa anamtazama bi harusi kama mtu aliyepewa kitu asichostahili, na alikuwa amesema juu yake neno ambalo kiwandani halisemwi mpaka vidole vimehakikisha. Alimwambia siku ya kwanza kabisa. Akaendelea kumwambia juu ya mchuzi, juu ya mapazia, kila siku iliyofuata, na yeye akawa anakata kwa kidole.

Alikaa chini kwenye ngazi, na koti lake.

"Clifford," alisema. "Clifford, mjinga wangu. Ulishasema."

"Nzuri," alisema Clifford, na maana yake ilikuwa: ndiyo, na pole.

Gillian aliingia akipuliza mikono. "Tayari? Tukiondoka sasa hivi tutaukwepa msongamano wa magari wa Sheffield."

"Toa masanduku garini," alisema Muriel.

"Mama?"

"Baba yako haendi. Alikuambia haendi."

"Alisema nzuri! Ulikuwepo, ulisema umesikia!"

"Nilisikia. Alikuambia hapana, kwa adabu, kama anavyoikataa keki ya shangazi yako. Nilijua palepale." Muriel alifungua kifungo cha juu cha koti. "Nikanyamaza, kwa sababu nimechoka, Gillian. Nimechoka mno. Nilitaka lile neno liwe ndiyo."

Gillian alisimama na kikwanguo mkononi, uso umebadilika. "Kwa hiyo ungeniacha nimchukue baba yangu kwa nguvu? Mimi, nikidhani amefurahi?"

"Ningekuacha. Lawama ni yangu, siyo yako."

Gillian alimgeukia baba yake, akachuchumaa. "Baba. Unataka kubaki hapa?"

Clifford alinyoosha mkono, akashika ukingo wa sweta ya Gillian, akapapasa. Ilikuwa nailoni. Fundi alikunja pua, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaaluma, kisha akamtazama bintiye machoni. "Nzuri," akasema, taratibu, vidole vyake bado vinasogea.

Gillian alianza kucheka akaishia kulia, au kinyume chake. "Na mgongo wako, Mama? Hilo nalo litajibiwa na nani?"

"Piga simu halmashauri, waambie walete yule msaidizi wao wa asubuhi. Na mimi nitakwenda kwa Derek Haigh kumwomba radhi."

Alikwenda siku hiyohiyo, na koti lake la bluu. Foleni ilimpisha, yeye akaikataa nafasi, akangoja zamu. Derek alipomwona alishika kisu kwa nguvu.

"Karibu, Mwalimu. Leo paja la kondoo lina... lina mafuta ya..."

"Derek, niliwahi kukufungia mlango ulipokuja na wema. Nimekosa. Kama bado una nafasi, Clifford anaoga Jumatano na Jumamosi."

Shingo ya Derek ilikuwa nyekundu kuliko nyama yake. "Nitakuja, Mwalimu."

"Na nyama hiyo," alisema Muriel. "Ni nzuri?"

Hakuna aliyepumua dukani. Derek alitazama foleni, akatazama dari, kama anayehofia litaanguka. "Ni nzuri," alisema kwa sauti ya mtoto.

"Basi nipe."

Jioni waliketi mezani wawili tu, Gillian akiwa juu anapangua nguo. Muriel alimkatia mumewe nyama vipande vidogo, akammwagia mchuzi, akajaza vikombe. Kadi za picha zilikuwa bado kwenye rafu. Darasa lingeendelea kesho, kijiko ni kijiko. Lakini lile somo la mwisho, la kunong'ona, alijua halitakuwepo tena.

Aliketi karibu naye. Clifford alikuwa amevaa sweta yake kuukuu ya sufu, ile iliyotoboka viwiko. Muriel alinyoosha mkono, akashika ukingo wake kati ya kidole gumba na vidole viwili kama alivyoona ikifanywa, akapapasa bila ustadi wowote, akimtazama usoni.

"Nzuri," alisema.

Clifford aliacha kutafuna. Alimwangalia kwa muda, macho yanang'aa. Kisha akainua mkono wa kushoto, akanyoosha kidole, na taratibu, kwa ukali wote wa mwalimu, akachora mstari hewani akalikata.

Wakacheka mpaka Gillian akashuka kuuliza kuna nini, na chai ikapoa mezani.